Namna ya kung'amua maana ya "pick up" katika sentensi

Wengi hukariri kwamba "pick up" ni kuokota, kisha hukwama wakikutana na "Sales picked up in May". Orodha ya maana haisaidii sana. Kinachosaidia ni kuikagua sentensi kwa utaratibu.

Hatua ya 1: Angalia kama kuna kinachotendwa. Kama hakipo, mtazame mtenda. Akiwa biashara, upepo au mwendo, maana ni kuongezeka au kuchangamka: "The wind picked up", upepo ulizidi. Akiwa mtu, mara nyingi inazungumziwa simu: "I called but she didn't pick up", nilipiga, hakupokea.

Hatua ya 2: Kama kipo, hicho ndicho kinachoamua. Hapa usiharakishe. "Pick up the pen" ni kuokota kalamu, lakini "pick up the parcel" ni kwenda kuchukua mzigo. "Pick up a cold" ni kupata mafua. "Pick up a signal", kunasa mawimbi. "Pick up the bill", kulipia, mara nyingi kwa niaba ya wengine. "Pick up Spanish" ni kujifunza Kihispania kwa kuwasikia watu wakikizungumza, bila kukaa darasani.

Anayetendwa akiwa mtu, soma na yaliyomzunguka. "He picked her up at the airport": alikwenda kumpokea. Badala ya "the airport" weka "a bar", na wengi wataelewa kwamba alimtongoza akaondoka naye. "The police picked him up": walimkamata.

Hatua ya 3: Panga maneno. "Pick up the box" na "pick the box up" zote ni sahihi. Ukitumia "it", "him" au "them", lazima likae katikati: "pick it up". "Pick up it" ni kosa. Kumbuka "nimekiokota": -ki- imo ndani ya kitenzi, nayo "it" huingia ndani vivyo hivyo.

Hatua ya 4: Wakati uliopita hubebwa na neno la kwanza: "picked up".

Hatua ya 5: Kagua neno linalofuata au lililokosekana. "Pick up on" ni kugundua jambo ambalo halikusemwa wazi. "Pick on", bila "up", ni kumwonea mtu. "Pickup" ikiandikwa kwa pamoja ni nomino, na mkazo huangukia "pick". Katika kitenzi, kwa kawaida "up" ndiyo hutamkwa kwa nguvu.