Chungu kimoja cha Noeli ukiwa na mafua

Kuna watu wanaougua wakati wa Noeli na bado wanataka fufu (ugali), sombe (kisamvu) na nyama ya mbuzi, eti sikukuu ni sikukuu. Mimi nauza makala, yaani mkaa, hapa Kadutu, Bukavu, na mteja akija anakohoa namwambia: ndugu yangu, safari hii pika chungu kimoja, tena ukiwa umekaa.

Kwanza hakikisha ni mafua kweli. Ukiwa na homa ya kutetemeka, nenda kapime malaria, hata kama ni Noeli yenyewe. Ukiharisha, chungu kisubiri: chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu visiwe na kilima, unywe kidogo kidogo. Na kama ni maji matupu yanatoka mfululizo, usikae nyumbani. Kipindupindu tunakijua huku Kivu.

Sasa moto, ambao ndio kazi yangu. Desemba ni mvua, na makala mengi yamelowa. Chagua mapande yanayolia kama vigae ukiyagonganisha. Vile vipande vya kahawia ambavyo bado ni nusu kuni viache, moshi wake utakumaliza kifua. Washa mbabula (jiko la makala) nje barazani, ngoja moshi wa kwanza uishe, ndipo usogee na kigoda chako. Na usiingize mbabula chumbani ili upate joto. Makala yaliyokolea hayatoi moshi, lakini yanatoa hewa isiyoonekana wala kunuka, nayo inaua watu usingizini. Ukisikia baridi, tia maji ya moto kwenye chupa, uizungushie kitambaa, ulale nayo.

Fufu iache, inataka mkono wenye nguvu. Sombe vilevile. Maharage ndiyo kabisa: Ziwa Kivu liko kama mita 1,460 juu ya bahari, kwa hiyo huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, na maharage yanachelewa kuiva kuliko kule chini Uvira. Yanakula makala sana. Kama muuzaji nafurahi, lakini wewe huna nguvu ya kuyangoja.

Tafuta viazi vinne vidogo, karoti, kitunguu, nyanya mbili, kipande cha tangawizi, fungu dogo la lengalenga (mchicha) na konzi moja ya sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Sambaza waoshe kwa maji ya vuguvugu mpaka mchanga uishe. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya na tangawizi iliyopondwa, kisha viazi, karoti na vikombe vinne vya maji. Funika. Nyunyizia makala majivu kidogo ili moto utulie, ujifunike blanketi hapo hapo kigodani. Viazi vikianza kulainika, viponde viwili kwa mwiko mchuzi uwe mzito, tia sambaza, na mwishoni lengalenga kwa dakika tano. Chumvi aionje mtu mwingine kama yupo. Pua iliyoziba inaudanganya ulimi, utazidisha bila kujua.

Usiku ni uji wa soya, mtama na mahindi. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, ndipo uutie kwenye maji yanayochemka, na uuache utokote dakika 20 hivi, maana soya mbichi inasumbua tumbo. Ujaze kwenye termosi uiweke karibu na kitanda. Asali na limau vinatuliza kikohozi, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali.

Jirani atakuletea sahani ya sikukuu, hiyo haikosi. Pokea, shukuru. Nyama ichane vipande vidogo, uitie kwenye mchuzi wako itokote upya. Wali uliolala mezani tangu jana usiuguse, hata ukiupasha moto. Akikuletea na kasiksi, ile pombe ya ndizi, mwambie akuwekee mpaka Bonane (Mwaka Mpya), utakapokuwa umemaliza dawa zako. Akisema itachacha zaidi, basi anywe yeye.