Taa ya injini inayofutwa kisha kurudi
Usimruhusu fundi afute taa ya cheki injini kabla hujaandika kodi (namba ya hitilafu) iliyoonekana kwenye mashine ya kupimia. Ikiwa P0171, injini inapata hewa nyingi mno kwa petroli inayoingia. Kwa gari la zamani linalokula vumbi la Dodoma, usikimbilie kununua sensa ya oksijeni, ni kupoteza hela. Anza na mpira mkubwa wa hewa unaotoka kwenye ea klina (kichujio cha hewa): ukunje kwa mkono, maana ufa hujificha ndani ya mikunjo na hufunguka injini ikitikisika. Kagua na vihosi vyembamba vya manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda).

Vyote vizima? Fungua sensa ya hewa (MAF), inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Vumbi likiganda kwenye kiwaya chake, kompyuta huhesabu hewa pungufu na kupunguza petroli. Ipulizie dawa yake maalumu, usiiguse kwa kidole wala kitambaa, iache ikauke dakika 15.