SOMO: Kukuza spirulina kwa maji ya bei nafuu na kutoa buluu yake kwa majaribio ya dawa

Spirulina ni sayanobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea), jamaa ya wale wanaolisha heroe wa Nakuru na Bogoria. Naandikia walimu na wanafunzi wanaotaka kuchunguza uwezo wake wa kitiba lakini bei ya kemikali inawakwamisha. Maji ya kukuzia ya Zarrouk, yaliyozoeleka maabara, hutaka gramu 16.8 za sodiamu baikaboneti kwa lita. Nusu yake inatosha.

1. Maji. Kwa lita moja: magadi ya kuokea (ndiyo baikaboneti yenyewe) gramu 8, chumvi 5, potasiamu naitreti 2, magnesiamu salfeti 0.2, amoniamu fosfeti 0.1, na chembe ya feri salfeti.

2. Mbegu (spirulina hai ya kuanzia). Ichukue kwenye maabara inayojua spishi yake. Siku za mwanzo iwekee kivuli, kwani ikiwa hafifu jua kali huiua. Nyuzijoto 30 hadi 35, koroga mara kwa mara. pH ikipanda kuelekea 10, furahi: vijidudu vingi haviwezi kuishi humo.

3. Kuvuna. Chuja kwa kitambaa laini, suuza, kamua. Usianike juani, faikosayanini, ile rangi ya buluu tunayoitafuta, huharibika joto likipita nyuzi 45 hivi.

4. Kutoa buluu. Changanya na bafa (maji yanayozuia pH isibadilike) ya fosfeti ya pH 7, gandisha, yeyusha, rudia mara tatu au nne mpaka seli zipasuke. Pitisha kwenye sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi ili mashapo yatuame), chukua maji ya juu: hilo ndilo dondoo. Pima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 620 na 652. Zidisha cha 652 kwa 0.474, kitoe kwenye cha 620, gawanya kwa 5.34: hizo ni miligramu kwa mililita.

5. Jaribio. Toboa visima kwenye agari (jeli ya kukuzia vijidudu) yenye bakteria. Kimoja tia dondoo, kingine antibiotiki, kingine bafa tupu. Hicho cha bafa tupu msikiache kamwe, maana bila hicho hamjui kilichozuia bakteria ni nini.

MASWALI YALIYOULIZWA

*Mwalimu, yangu imegeuka manjano. Imekufa?*
Huenda ina njaa ya naitrojeni. Ikikosa, huvunja faikosayanini yake yenyewe ili iishi. Ongeza naitreti. Yurea ni rahisi zaidi, lakini itie kidogo sana kila siku: kwenye pH ya juu amonia yake ni sumu.

*Niko Mwanza. Naweza kutumia yale maji ya kijani ya ziwani?*
Hapana, ndugu yangu. Ziwa Victoria lina Microcystis, sayanobakteria wa aina nyingine, na sumu yake hushambulia ini. Kuchemsha hakuiondoi.

*Bibi yangu ana kisukari. Nimpe dondoo?*
Usimpe, dada. Aendelee na dawa za daktari wake. Safari ya kufikia dawa ni ndefu. Kemikali iitwayo dolastatin 10, iliyopatikana kwa konokono wa Bahari ya Hindi na baadaye ikagundulika hutengenezwa na sayanobakteria, ilianza kutafitiwa miaka ya 1970. Dawa ya saratani iliyotokana nayo, brentuximab vedotin, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Dondoo letu halijavuka hata kisima cha agari.