Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanda Haidranjia ya Majani ya Mwaloni

Kichaka hiki, ambacho jina lake la kitaalamu ni Hydrangea quercifolia, asili yake ni misitu ya kusini-mashariki mwa Marekani, na mwaka 1999 jimbo la Alabama lilikitangaza kuwa ua lake rasmi la porini. Porini humo humea chini ya miti mirefu, penye mboji nyingi na maji yasiyotuama, na hayo ndiyo mazingira ya kukiandalia bustanini.

La kwanza, basi, ni kuupima udongo kabla ya kununua mche. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, uyaache yanywee, kisha ulijaze tena. Ikiwa kesho yake maji bado yamesimama, tafuta mahali pengine au inua tuta, kwa sababu mizizi ya kichaka hiki huoza upesi, na mche uliooza mizizi hunyauka mithili ya wenye kiu, hata mwenyewe akauongezea maji na kuumaliza kabisa.

Panafaa mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Acha nafasi ya mita 2 au zaidi kila upande. Ikiwa huna, chagua aina fupi kama ‘Pee Wee’ badala ya kutegemea mkasi.

Mkasi wenyewe, kwa maoni yangu, ndio huwanyima watu maua kuliko ukame. Matumba ya mwaka ujao hujiunda mwishoni mwa kiangazi juu ya matawi yaliyopo, hivyo anayepogoa wakati wa baridi huyakata yote bila kujua. Pogoa mara tu maua yanapofifia. Ndugu yake, Hydrangea arborescens, hutoa maua kwenye matawi mapya na hupogolewa mwishoni mwa majira ya baridi, kwa hiyo hakikisha kitaluni ni mche upi unaouziwa.

Dawa za kubadili rangi ya maua hazina kazi hapa: meupe hugeuka ya waridi yenyewe kadiri yanavyozeeka. Weka tayari matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasiyogusa shina, na uzio ikiwa kulungu hupita karibu, maana hupenda machipukizi yake. Mbwa na paka wasiyatafune majani, kwani yana sumu.