Kuipanga Timu ya Klabu kwa Mbio za Hood to Coast
Mbio za kupokezana za Hood to Coast, zilizoanza mwaka 1982 katika jimbo la Oregon, Marekani, huanzia Mlima Hood na kuishia ufukweni Seaside, umbali wa takriban kilomita 320 uliogawanywa katika vipande 36. Klabu yenye wakimbiaji 12 iwagawe katika magari mawili, kila mmoja akimbie vipande vitatu. Kipande cha kwanza apewe mwenye magoti imara, si mwenye kasi tu, kwa kuwa mteremko wake mkali huchosha mapaja kabla ya zamu mbili zinazobaki. Walio kwenye gari lisilo zamuni wale na kulala, hata kama usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu. Usiku, kila mkimbiaji avae kizibao kinachoakisi mwanga na taa ya kichwani.