Mtoto akiingia darasa la tatu, mzazi ushike wapi

Mtoto akishavuka darasa la pili, wengi wetu hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma, huwa tunapumua. Anasoma, anaandika jina lake, tunaona kazi imeisha. Kumbe ndiyo inaanza. La kwanza na la pili ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuanzia la tatu anatakiwa kusoma ili ajue mambo mengine. Mtaala ulioanza kutumika 2024 unampa Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo. Akifika la nne anakutana na upimaji wa kitaifa wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Mimi muuza dagaa, si mwalimu, ila nina watoto waliopita hapo na mmoja yumo sasa hivi.

Anza na ufahamu, mengine yafuate. Mtoto akikusomea mbio mbio kama mnadi, usimsifie kwanza. Mwambie afunge kitabu, umuulize: nani kafanya nini, na kwa nini? Wangu alinisomea aya moja kuhusu Ujiji, mwaka 1871, bila kukwama popote. Nikamuuliza nani alikuwa anamtafuta mwenzake. Akajibu, "Livingstone alikuwa anamtafuta Stanley." Mwaka kaushika, habari yenyewe imempita, maana Stanley ndiye aliyekuwa anamtafuta Livingstone! Nikamrudisha asome sentensi moja moja, akifika kwenye nukta ananieleza kwa maneno yake. Fanyeni hivyo, aya moja tu kwa jioni inatosha. Ukimpa kurasa tano atakuzoea na kukudanganya.

Hisabati usiitafutie mbali. Jedwali la kuzidisha lazima alikariri, hapo hakuna ujanja, lakini likae kwenye hela. Kopo la dagaa shilingi 1,500, mteja anataka makopo sita, katoa noti ya elfu kumi: chenji ngapi? Kisha mgeuzie: huyu ana elfu sita na anataka za hela yote, mpimie makopo mangapi? Hapo ameshagawanya bila kuogopa alama ya kugawanya. Akipata jibu, muulize kalipataje. Akikosa, usimtajie, mpe makopo ayapange chini.

Saa nayo huwasumbua. Mshale mfupi uko kwenye 8, sisi tunasema saa mbili, kwenye kipindi cha Kiingereza inasomwa nane. Mwonyeshe kwamba saa yetu ni namba inayotazamana na ile ya mshale mfupi: 8 inatazamana na 2, 10 inatazamana na 4. Achore saa kwenye karatasi, mumalize mjadala.

Pande za dunia sisi wa Kigoma tumepewa bure. Msimamishe uso ukielekea ziwani jua linapozama: mbele ni magharibi, ng'ambo Kongo. Mkono wa kulia kaskazini, kwenye Gombe na mbele zaidi Burundi. Kushoto kusini, kwenda Mahale. Mgongoni mashariki, reli inakokwenda Tabora. Baada ya hapo ramani ya kitabuni haimtishi.

Kwenye kuandika, kagua herufi kubwa mwanzo wa sentensi, nukta mwisho, na imla. Huku kwetu r na l zinatuponza. Nimewahi kukuta daftarini "mwalimu ameshika karamu". Mtajie maneno matano anayoyakosea, aandike, ayasome kwa sauti. Usimcheke, maana sisi wenyewe tunayakosea sokoni.

Muda je? Giza likiwa zuri mitumbwi inaingia alfajiri na sisi hatulali, tunaanika. Siku hizo mwachie dada au kaka yake amsikilize. Mbalamwezi ikija, wavuvi wanapumzika, hapo ndipo ukae naye mwenyewe na madaftari yote. Kuosha vyombo na kuteka maji afanye, ni mtoto wa nyumbani. Kugeuza dagaa asubuhi ya siku ya shule, hapana, hata kama mvua inanyemelea.

Na usisubiri ripoti ya muhula. Nenda kwa mwalimu wiki za mwanzo, mapema kabla ya vipindi, umuulize mambo mawili: mtoto wangu anaelewa anachosoma au anaimba tu? Na amekwama mada gani? Wenye madarasa yaliyofurika hawana nafasi ya maelezo marefu, kwa hiyo beba daftari la hisabati mkononi, akuonyeshe palepale.