Jinsi ya kushiriki mashindano ya kuchonga kwa chenso (msumeno wa mnyororo wa mashine) nje ya nchi

Mchongaji aliyekulia kwenye tezo na patasi, awe wa Mwenge, Dar es Salaam, au wa Wamunyo, Kenya, tayari anajua kulisoma gogo. Asichokizoea ni kuchonga huku saa ikihesabiwa na umati ukitazama. Ndiyo maana hatua ya tano hapa ni ndefu kuliko zote.

1. Chagua shindano linalokufaa. Carrbridge, kijiji cha nyanda za juu za Uskoti, limeandaa mashindano tangu 2003: unapewa gogo na muda wa saa 4, kisha kuna raundi ya nusu saa ya kuchonga haraka. Chetwynd, Kanada, muda ni saa 35 zilizogawanywa kwa siku kadhaa. Mtu wa tezo ana subira, na subira hulipa Chetwynd, lakini safari na malazi hugharimu zaidi. Hatua zinazofuata nimezipima kwa Carrbridge.

2. Tuma maombi mapema. Piga picha za kazi ulizochonga kwa chenso, kila moja mbele, ubavuni na nyuma, mtu akiwa amesimama kando ili ukubwa uonekane. Picha za vinyago vya mpingo pekee hazitoshi, kwa sababu waandaaji wanataka kujua kama unaimudu mashine mbele ya watu. Jiandae pia kuulizwa cheti cha mafunzo ya chenso na bima ya madhara kwa watazamaji.

3. Viza. Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya mgeni ya Uingereza, na kanuni zake zinamruhusu msanii kushiriki mashindano. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya safari. Barua ya mwaliko itaje tarehe na nani analipia nini. Kama kazi zitapigwa mnada, uliza kwa maandishi fedha zinakwenda wapi, kwa maana mgeni haruhusiwi kuuza bidhaa kwa umma.

4. Vifaa. Usibebe chenso iliyokwisha kutiwa petroli, mashirika mengi ya ndege huikataa. Betri ya chenso ya umeme inayozidi saa-wati 160 (Wh 160) nayo haipandi ndege ya abiria. Azima au kodi mashine huko, wewe safiri na bapa la kuchongea (ubao wa chuma ambao mnyororo huuzunguka) lenye ncha nyembamba, minyororo yake na gia inayolingana nayo. Bapa la kawaida likigusa mti kwa kona ya juu ya ncha, mashine hurushwa kuelekea usoni. Ncha nyembamba hupunguza hatari hiyo sana. Suruali ya kinga, ile yenye nyuzi zinazoukwamisha mnyororo, nunua inayokutosha wewe. Usiazime.

5. Fanya mazoezi kwa saa. Tafuta magogo ya msonobari, kama yale ya shamba la miti la Sao Hill, Tanzania. Mpingo hustahimili kidole chembamba, sikio, hata mnyororo wa watu waliopandana. Msonobari hukatika pale nyuzi za mti zinapopita kwa upana wa sehemu nyembamba. Basi chora umbo ambalo sehemu zake nyembamba zinafuata urefu wa gogo: shingo ya twiga, mbawa zilizokunjwa, mkono uliolala kifuani.

Chora mbele na ubavuni, kwa vipimo vya gogo lenyewe. Saa ya kwanza toa vipande vikubwa tu, kwa mashine kubwa. Ikiisha, mtu aliye mita 20 atambue ni mnyama gani. Saa ya pili weka mikunjo na mwelekeo wa mwili. Uso uanze saa ya tatu, si kabla, hata mkono ukikuwasha. Jicho zuri kwenye kichwa kilichokaa vibaya haliokoi kitu. Nusu saa ya mwisho ni ya grainda, msasa na kuchoma kwa tochi ya gesi ili vivuli viingie, kama kanuni za shindano zinaruhusu moto.

Rudia umbo lilelile mpaka mwili uzijue hatua bila kutazama mchoro.

6. Siku yenyewe. Likague gogo kabla ya kuanza: nyufa, vifundo, upande uliooza. Ufa mkubwa uelekeze nyuma ya sanamu. Njoo na minyororo kadhaa iliyonolewa tayari, kwani kubadilisha ni haraka kuliko kushika tupa katikati ya kazi. Kwa raundi ya nusu saa, chonga bundi au samaki uliyemzoea, na usijaribu umbo jipya.